Kuchora njia ya reli kwenye ordinatere: Tenke na Kolwezi juu ya meza

Tangu watu waanze kusema kila siku juu ya njia ya Lobito, vijana wanatuuliza hapa ku redio: njia ya treni inachorwa namna gani? Wamoja wanauliza juu ya masomo, wengine wanataka tu kujenga katreni ka mezani. Wote wanaweza kuanzia pahali pamoja. Kuko programu za kuchora reli za mifano, na ile inayofaa zaidi mfuko wa mwanafunzi ni XTrackCAD. Ni ya bure, inatembea kwenye Windows, Linux na Mac, na ukiisha kuipakua haiombi tena megabaiti.

Shida ni hii: programu hizi zilitengenezwa na watu wa Bulaya na Marekani, kwa kufikiri treni za kwao. Ukifuata tu vile inakupangia, utachora reli ya Bulaya na kuibandika jina la Kolwezi.

Reli yetu ni nyembamba

Reli mbili za njia ya Katanga zimeachana milimeta 1067. Upana huu ulitoka kusini: njia iliyopandia Afrika ya Kusini na Rhodesia ndiyo iliyofika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Ile iliyotoka Lobito ilijengwa kwa upana uleule, na ndiyo maana mwaka 1931, wakati mstari wa Tenke mpaka Dilolo ulikutana na ule wa Angola, gari liliweza kupita mpaka bila kushusha mzigo. Bulaya sehemu kubwa iko na milimeta 1435.

Reli ndogo inayouzwa zaidi duniani inaitwa HO. Kila kitu kimepunguzwa mara 87, na reli zake zimeachana milimeta 16.5. Piga hesabu: 16.5 mara 87 inatoa karibu 1435. Ni treni ya Bulaya kabisa. Ukiweka lokomotivu ya SNCC iliyopunguzwa mara 87 juu ya reli ile, itakuwa sawa mtu aliyevaa viatu vya baba yake.

Dawa yake ni kuacha reli na kubadilisha kipimo. Punguza treni, nyumba na watu mara 64, si mara 87. Sasa 16.5 mara 64 ni 1056. Inapungukia 1067 kwa milimeta 11 tu, na jicho haliwezi kuona. Wapenzi wa treni wa New Zealand, ambao nao wako na reli ya 1067, wanafanya vile tangu zamani. Basi kwenye programu unachagua HO, juu ndiyo reli utakayochora, lakini vipimo vya stesheni, mabehewa na nguzo za umeme unavigawanya kwa 64.

Anzia Tenke

Watu wanapenda kuanza na Kolwezi yenyewe. Mimi nasema waanze na Tenke. Kule njia inayotoka Lubumbashi na Likasi inagawanyika: moja inaenda kaskazini, Bukama na Kamina, ingine inaenda magharibi, Kolwezi, Mutshatsha, Kasaji na Dilolo. Umbo lake ni rahisi, mstari mmoja unaingia na miwili inatoka, na linakufundisha karibu yote unayohitaji. Tena kuko historia pale: kipande cha Likasi (wakati ule Jadotville) mpaka Tenke ndicho kilichoanza kutembeza treni za umeme, mwaka 1952.

Mbele ya kuchora mstari wowote, mwambie ordinatere meza yako iko na urefu gani na upana gani. Usidanganye. Kutoka Kolwezi mpaka mpakani ni karibu kilometa 400. Ukigawanya kwa 64 unapata zaidi ya kilometa 6 za reli ndogo. Hakuna meza ya vile. Kuchora mfano ni kuchagua nini unaacha.

Kisha weka panda, yaani pahali njia inagawanyika. Panda huchori kwa mkono. Unaitoa kwenye orodha ya viwanda vilivyomo ndani ya programu, kwa sababu kila kiwanda kiko na pembe yake na urefu wake, na ile utakayonunua ao kutengeneza haitajipinda juu ya kukufurahisha. Panda zote kwanza, mistari ya kuziunganisha nyuma. Wanaoanza na mistari wanajikuta mwisho wamebakiwa na nafasi ya sentimeta 2 isiyojaa na kitu chochote.

Kuunganisha ni kazi ya programu: unagusa ncha moja, unagusa ingine, nayo inachora kona kati yao. Hapa ndipo watu wanadanganyika. Ordinatere itakubali kukuchorea kona ambayo hakuna treni inayoweza kuipita. Ndani ya mipangilio kuko pahali pa kuandika kona kali zaidi unayoruhusu na mlima mkali zaidi unaoruhusu. Jaza namba zote mbili siku ya kwanza, na kila reli inayovunja sheria yako itaonekana na rangi ya peke yake.

Namba gani? Chukua gari refu kuliko yote, pima urefu wake, na nusu kipenyo cha kona kisipungue mara tatu ya urefu ule. Lokomotivu ya mita 18 inakuwa sentimeta 28 hivi. Basi kona yako iwe na nusu kipenyo cha sentimeta 84 ao zaidi. Kwa reli ya kweli, kona ya mita 300 ingekuwa mita 4.7 mezani, kwa hiyo hata ukikaza namna gani, kona zako bado ni kali kuliko za kweli.

Kuko mambo mawili mengine ya kona. Ya kwanza: treni haipendi kutoka kwenye mstari ulionyooka na kuingia mara moja kwenye kona kamili. Dereva wa taxi-moto anajua, hapindi usukani kwa mara moja, anaanza polepole. XTrackCAD inaweza kuweka kipande cha kuanzia polepole vile. Kiwashe, hata kama kinakula sentimeta chache. Ya pili: usiunganishe kona ya kushoto na ya kuume bila kipande kilichonyooka kati yao, chenye urefu wa gari refu kuliko yote. Ukikosa kile, magari yanasukumana pembeni na lile jepesi linatoka njiani. Mezani, ni kagari kanaanguka kwa sakafu na mtoto anakaokota. Watu wa Lualaba hawahitaji kuelezwa kwamba ku njia ya kweli haiko vile: mwezi wa tatu 2022, ku Buyofwe, eneo la Lubudi, treni ya mizigo iliyokuwa imebeba pia watu ilitoka njiani, na makumi ya watu walikufa.

Stesheni nzuri isiyoenea treni

Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kwenye michoro ya vijana. Stesheni ina njia tano, imejipanga vizuri, lakini hakuna hata moja inayoenea treni nzima. Mstari wetu kuelekea Dilolo ni wa njia moja. Treni mbili zinaweza kupishana tu kwenye stesheni, moja ikingoja pembeni. Kama ile inayongoja ni ndefu kuliko njia ya pembeni, mkia wake unafunga mlango na yote mbili zinakwama. Behewa la mita 13 linakuwa sentimeta 20 mezani; behewa 10 na lokomotivu ni mita 2 na nusu karibu. Tena usipime kutoka kwenye ncha ya panda. Pima kutoka pahali njia mbili zimeachana vya kutosha ili magari yasigusane.

Kwa hesabu hii moja, kijana ataelewa jambo kubwa linalosemwa juu ya njia ya Lobito. Mwisho wa 2023 shehena ya kwanza ya majaribio ya mgodi wa Kamoa-Kakula ilifika bandarini kwa reli. Lakini shaba ngapi njia itabeba kwa siku haitegemei lokomotivu peke yake; inategemea pia treni zinaweza kupishana wapi, na pahali pale ni parefu namna gani. Njia mbili ndefu ni bora kuliko tano fupi.

Juu ya milima nitasema kidogo. Mlima wa 2 kwa 100 ni sentimeta 2 kila mita. Ukitaka njia ipite juu ya ingine na nyaya zake za umeme, unahitaji mita 6 za kweli, ni kusema sentimeta 9 na nusu mezani, na hiyo inaomba karibu mita 5 za kupanda. Meza nyingi hazina. Ukitaka daraja, acha reli pahali pake na uchimbe mto chini yake. Lualaba haitakasirika.

Sasa, kwa asiye na pesa ya kuagiza reli kutoka ng'ambo. Programu inaweza kuchapisha mchoro kwa ukubwa wake wa kweli, karatasi kwa karatasi: kwenye sehemu ya kuchapisha, weka kipimo cha 1. Peleka faili kwenye secrétariat public yoyote, gundisha karatasi juu ya kartoni, na watoto wanaotengeneza mutuka za waya watajua kuendelea. Lakini mbele ya kulipa karatasi zote, chapisha moja yenye mstari wa sentimeta 10 na uipime kwa rula. Mashine nyingi zinapunguza kidogo ili picha iingie ndani ya ukurasa, na panda iliyopungua milimeta 3 haipitishi gurudumu.