Mtu ni Afya: Elimu ya Afya na Heshima ya Mwananchi

Wahenga walinena kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Usemi huu kila mtu anaujua. Lakini kuujua usemi si sawa na kuutenda. Hivyo tunajiuliza: elimu ya afya imfikie mwananchi kwa njia gani hata iwe mali yake mwenyewe? Ili kulijibu swali hilo, tuitazame kampeni iliyofanyika nchini Tanzania mwaka 1973, iliyoitwa Mtu ni Afya.

Katika zama za ukoloni, afya ya mkulima ilikuwa aghalabu jambo la amri. Bwana afya alipoingia kijijini, aliingia kukagua, na aliyeonekana na kosa alitozwa faini. Choo kilichochimbwa kwa hofu ya faini kilimngoja mkaguzi. Hakikumngoja mwenye nyumba.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961, ilitafutwa njia nyingine. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo ilikwisha anza kujaribu masomo ya redio kwa vikundi: Kupanga ni Kuchagua mwaka 1969, Uchaguzi ni Wako mwaka 1970, na Wakati wa Furaha mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka 10 ya Uhuru. Mtu ni Afya ilijengwa juu ya msingi huo, ila ilikuwa kubwa kuliko zote zilizoitangulia.

Hata jina lake lilichaguliwa kwa busara. Sikio la Mswahili limezoea kusikia kwamba mtu ni watu na mtu ni utu. Kwa hiyo maneno hayo matatu yalipokelewa kama methali, wala hayakuhitaji mfasiri.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo. Kisha, kwa muda wa majuma 12, wananchi walikutana katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi, na asiyejua kusoma akasomewa na mwenzake. Walijifunza juu ya malaria, safura, kuhara damu, kichocho, kifua kikuu na maji salama. Hapo ndipo kazi hasa ilipoanza: walijadiliana juu ya hali ya kijiji chao, wakaamua wenyewe la kufanya. Watu wapatao milioni mbili walishiriki. Vyoo vilichimbwa kwa malaki, nyasi zikafyekwa, madimbwi yakafukiwa.

Hata hivyo, si haki kusimulia sifa tupu. Redio husema, haisikii. Kikundi kilichokuwa na swali gumu hakikuweza kuiuliza papo hapo. Tena, majadiliano peke yake hayaleti bomba la maji, wala hayamnunulii mtoto viatu vya kumkinga na safura. Na liko jambo zito zaidi. Katika miaka hiyo hiyo Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni ya watu, wengine kwa kulazimishwa. Mkulima aliyeombwa kujadili na kuamua juu ya choo chake, hakuombwa kuamua juu ya mahali pa kuishi. Aliyehama aliacha nyumba yake, na choo chake akakiacha pale pale.

Tukio hili linatupa kipimo cha elimu. Choo hakibebeki, lakini sababu ya kukichimba hubebeka. Aliyechimba kwa kuwa alielewa jinsi kinyesi kinavyofika kwenye maji ya kunywa, alihama na ujuzi wake na aliweza kuanza upya. Aliyechimba ili hesabu ya kijiji itimie, alikuwa na lipi la kuhama nalo, isipokuwa kungoja amri nyingine? Kipindupindu kilipoenea nchini kuanzia mwaka 1977, ujuzi huo haukuwa tena somo la kikundi. Ulikuwa suala la kufa na kupona.

Tunawaambia walimu na wanafunzi wetu kwamba historia hii haijapitwa na wakati, kwani kipindupindu hakijaacha kuturudia. Vyombo vya kupashana habari vimezidi kuwa vingi, na uvumi nao umepata mbio. Kila tunapotaka kuwaeleza wananchi juu ya chanjo, maji au chandarua, hatuna budi kukumbuka vile vikundi vya mwaka 1973. Wananchi waelezwe sababu, wapewe nafasi ya kuuliza, na uamuzi wao uheshimiwe. Tukiwanyima nafasi hiyo, tutakuwa tumemrudisha kijijini yule bwana afya wa zamani, ingawa safari hii atakuja na maneno matamu.