Namna ya Kuhakiki Sifa za Mshauri wa Nishati Jadidifu

Mwananchi au taasisi inayokusudia kufunga mtambo wa umemejua hukutana na watu wengi wanaojitambulisha kuwa washauri wa nishati jadidifu. Jina hilo peke yake si leseni. Sifa za mtaalamu huhakikiwa kulingana na kazi atakayoifanya, katika mamlaka inayoisimamia kazi hiyo.

Uhakiki huo ni kinga ya mali na maisha. Betri zisizolingana na matumizi huchakaa mapema, na nyaya nyembamba kuliko inavyotakiwa hupata joto na zinaweza kusababisha moto. Katika zahanati, mtambo uliokadiriwa vibaya huweza kuzima jokofu la chanjo.

Mamlaka zinazohusika Tanzania Bara

Ufungaji wa mifumo ya umeme huhitaji leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), chini ya Sheria ya Umeme, Sura ya 131. Leseni hizo zina madaraja, na kila daraja lina mipaka yake. Mteja aangalie iwapo daraja la fundi linaruhusu mtambo anaoukusudia na iwapo muda wa leseni haujaisha.

Usanifu na ushauri wa kihandisi husimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), chini ya Sura ya 63. Bodi husajili, pamoja na wengine, wahandisi wahitimu, wahandisi wataalamu na wahandisi washauri. Mhandisi mhitimu bado hufanya kazi chini ya usimamizi.

Kwa miradi inayohitaji tathmini ya athari kwa mazingira, mtaalamu anayeifanya sharti awe amesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Taarifa zake huulizwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC).

Nyaraka zisizotosha

Cheti cha BRELA huthibitisha usajili wa kampuni au jina la biashara, na namba ya mlipakodi huonesha usajili wa kodi. Cheti cha mafunzo huthibitisha kuwa mhusika alisoma. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachochukua nafasi ya leseni au usajili wa kitaaluma.

Hatua za kufuata

1. Kuomba nakala ya leseni au cheti cha usajili chenye jina kamili na namba.
2. Kulinganisha jina hilo na kitambulisho cha mhusika.
3. Kuthibitisha namba hiyo kwa mamlaka yenyewe, bila kutegemea namba ya simu aliyoitoa mhusika.
4. Kuandika katika mkataba jina la mtaalamu atakayesimamia kazi, ili cheti cha mmoja kisitumike kumpa kazi mwingine.
5. Kutolipa malipo ya awali kabla ya majibu ya mamlaka kupatikana.

Anayebaini leseni ya kughushi au iliyokwisha muda anapaswa kutoa taarifa kwa mamlaka inayotajwa katika hati hiyo.