Charlotte Angas Scott, Mwanahisabati wa Bryn Mawr

Charlotte Angas Scott (1858–1931) alikuwa mwanahisabati Mwingereza aliyefundisha nchini Marekani kwa takriban miaka 40. Utafiti wake ulihusu jiometria ya aljebra, hasa mistari iliyopinda inayoelezwa kwa milinganyo. Hata hivyo, kazi yake kubwa zaidi ni idara aliyoijenga na wanawake waliosomea humo.

Alizaliwa Lincoln tarehe 8 Juni 1858. Baba yake, Caleb Scott, alikuwa mchungaji aliyependa elimu na akawatafutia watoto wake walimu wa kuwafundisha nyumbani, kwani shule za sekondari za wasichana zilikuwa haba. Mwaka 1876 alijiunga na Girton, chuo cha wanawake cha Cambridge.

Januari 1880 alifanya mtihani wa Tripos, mtihani mgumu wa hisabati uliochukua siku kadhaa na uliompa sifa ya kudumu yeyote aliyeufaulu vizuri. Kwa mwanamke kuufanya haikuwa haki. Ilikuwa hisani ya watahini. Alama za Scott zilimweka sawa na mshindi wa nane, lakini kanuni hazikuruhusu jina lake lisomwe. Siku ya matokeo, zamu ya nafasi ya nane ilipofika, wanafunzi wa kiume ukumbini walilifunika jina la mwenzao kwa kelele za kumtaja Scott wa Girton. Habari zikaenea, saini zikakusanywa, na mwaka 1881 chuo kikuu kikakubali wanawake wafanye mitihani hiyo na matokeo yao yatangazwe, ingawa katika orodha yao peke yao. Shahada kamili walizisubiri hadi 1948.

Kwa hiyo shahada zake alizitafuta kwingine. Akiendelea kufundisha Girton na kuhudhuria mihadhara ya mwanahisabati Arthur Cayley, alifanya mitihani ya Chuo Kikuu cha London: shahada ya kwanza mwaka 1882, ya udaktari mwaka 1885, zote kwa daraja la juu kabisa. Mwaka huohuo chuo cha wanawake cha Bryn Mawr kilifunguliwa Pennsylvania, na Cayley akampendekeza. Alikwenda kuanzisha idara ya hisabati akiwa na umri wa miaka 27.

Huko hakutaka wasichana wapewe hisabati nyepesi. Wanafunzi kadhaa walipata shahada ya uzamivu chini yake, wakati ambapo vyuo vingi havikuwapokea wanawake katika ngazi hiyo. Kitabu chake cha jiometria cha 1894 kilichapishwa tena mwaka 1924, na mara nyingine 1961. Mwaka 1899 jarida la Ujerumani, Mathematische Annalen, lilichapisha uthibitisho wake wa kijiometria wa kanuni ya mwanahisabati Max Noether. Kwa ufupi, kanuni hiyo inataja masharti ambayo chini yake mlinganyo wa mstari uliopinda unaopita katika makutano ya mistari F na G huweza kuandikwa AF + BG. Alikuwa pia mhariri mwenza wa American Journal of Mathematics, na mwaka 1905 akachaguliwa makamu wa rais wa Chama cha Hisabati cha Marekani.

Haya yote aliyafanya huku usikivu wake ukizidi kufifia. Ugonjwa wa baridi yabisi nao ulipunguza kasi ya utafiti wake kuanzia 1906. Kwa ushauri wa daktari akageukia bustani, na huko akazalisha aina mpya ya maua ya krisanthemu.

Alistaafu 1924, lakini akabaki mwaka mmoja zaidi ili mwanafunzi wake wa mwisho wa uzamivu amalize. Kisha akarudi Cambridge, alikofariki tarehe 10 Novemba 1931. Idara aliiacha mikononi mwa mwanahisabati Anna Pell Wheeler. Mwaka 1933, Wanazi walipomfukuza mwanahisabati Emmy Noether katika kazi yake Göttingen, Ujerumani, ni idara hiyo ya Bryn Mawr iliyompokea. Emmy alikuwa binti wa Max Noether, yule ambaye kanuni yake Scott aliithibitisha.