Mtoto Mwenye Kipaji: Walivyomlea Waliotutangulia



Mzee mmoja wa hapa Bububu alinijia baada ya sala ya Alasiri akiwa na suali. Ana watoto wanne. Wa tatu wao, mwenye miaka tisa, akisomeshwa mara moja hushika. Chuoni amewapita wakubwa zake, na skuli humaliza hesabu wenzake wangali wananakili ubaoni. Baba anataka kumtafutia mwalimu wa ziada, lakini anaogopa kuwadhulumu ndugu zake. Bibi mtu naye anasema mtoto afichwe, asije akapatwa na jicho la hasidi.

Suali hili lina upande wa tarikhi na upande wa fiqhi. Tuanze na tarikhi, kwani waliotutangulia walilikuta jambo hili hili.

Imam Shafi (Allah amrehemu) alizaliwa Gaza mwaka 150 Hijria (767 Miladia), akalelewa Makka na mama yake, yatima. Imepokewa kutoka kwake mwenyewe kuwa mama yake hakuwa na cha kumlipa mwalimu. Mwalimu alipoona namna mtoto anavyoshika, aliridhika amshikie darasa kila anapotoka. Tuizingatie hekima hiyo. Mwalimu hakumwambia anyamaze asubiri wenzake, wala hakumtembeza mitaani watu wamshangae. Alimpa kazi, na kazi ile ndiyo iliyokuwa ada yake.

Kabla ya hapo, Umar bin Al-Khattab (R.A.) alikuwa akimwingiza Ibn Abbas (R.A.), naye kijana, katika baraza ya wazee waliopigana Badr. Baadhi yao walilalamika kuwa nao wana watoto wa umri ule. Umar hakubishana nao. Aliwauliza wote maana ya Suratun-Nasr, na kijana akaeleza kuwa ndani yake mna khabari ya kukaribia ajali ya Mtume (S.A.W.). Basi elimu yake ndiyo iliyomtetea.

Na kwetu? Sayyid Ahmad bin Sumayt alizaliwa Itsandraa, Ngazija, mwaka 1861, na baba yake alikuwa miongoni mwa waliomsomesha. Sayyid Barghash alimpa ukadhi hapa Unguja angali kijana wa miaka ishirini na kitu. Wengi wangetosheka na cheo hicho. Yeye aliondoka mwaka 1885 akenda Istanbul, Misri na Makka, akarejea mwaka 1888 na elimu zaidi. Sheikh Abdallah Bakathir wa Lamu, aliyekuwa rika lake, hakuona haya kukaa mbele yake akasoma. Kisha akasimamisha madrasa yake Ukutani, Mji Mkongwe. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Watoto wao, Sayyid Omar na Sheikh Abubakar, wakamsomesha Sheikh Abdallah Saleh Farsy (1912–1982), mwalimu wa skuli na wa msikitini, aliyekuwa Kadhi wa Zanzibar mwaka 1960, na ambaye tafsiri yake ya Qur'ani nzima ilichapishwa mwaka 1969. Katika silsila hii hakuna aliyeachiwa akili yake peke yake. Kila mmoja alipata wa kumtambua, na akawekewa mkubwa wa kumfunza zaidi.

Ama fiqhi, asili yake ni hadithi ya Nu'man bin Bashir (R.A.). Baba yake alimpa yeye zawadi bila ya ndugu zake, na Mtume (S.A.W.) akakataa kuishuhudia, akaamrisha uadilifu baina ya watoto. Kwa Mashafi kusawazisha ni sunna, na kupendelea ni makruhu. Ibn Qudama, katika Al-Mughni, ameeleza kuwa yafaa kumhusisha mmoja kwa sababu ya haki, kama maradhi, haja au kushughulika na elimu. Basi mwalimu wa ziada si sawa na zawadi ya mapenzi. Ibn al-Qayyim naye amewausia wazazi watazame kila mtoto ametayarishwa kwa lipi: mwenye fahamu apelekwe kwenye elimu, mwenye mkono wa kazi afunzwe kazi.

Nami nina langu la kukiri. Miaka mingi nyuma nilimchapa mwanafunzi kwa kuwa kila mara alijibu kabla ya wenzake. Nilidhani ni utovu wa adabu. Aliacha chuo, hakurudi tena. Mtoto yule alikuwa na njaa ya elimu, na mimi nilimpa fimbo.

Kwa hiyo nilimjibu mzee yule: mlipie, na hao watatu watazame kila mmoja ana haja gani, umtimizie. Mwombee kinga, useme Maa shaa Allah, lakini usimfiche. Zungumza na mwalimu wake ampe kazi nzito zaidi, na nyumbani amsomeshe mdogo wake, ili ajue kuwa akili ni amana na ndugu zake wana haki ndani yake.