Kuibua Kumbukumbu

Mwalimu wa Kiingereza mjini Kitengela akiandika evoke ubaoni, wanafunzi wengi watakimbilia "kukumbusha". Wako karibu, ila hawajafika. Anayekumbusha huwa na nia: mama humkumbusha mwana anunue unga, mwenye nyumba humkumbusha mpangaji kodi. Harufu au jina la mahali halina nia yoyote, na bado linakurudisha miaka ishirini nyuma bila kukuomba ruhusa.

Asili ya neno ni Kilatini, evocare, yaani kumwita mtu atoke. Warumi waliifanya ibada kabisa. Wakiuzingira mji, walimwita mungu wa adui auache na kuhamia Roma, kama jemadari wao Camillus anavyosimuliwa kumwita Juno, mungu wa mji wa Veii, mwaka 396 kabla ya Kristo. Mganga wa pwani anayepandisha pepo angeielewa kazi hiyo mara moja. Lakini hupandishwa pepo, kumbukumbu haipandishwi.

Kumbukumbu huibuliwa. Kinachoibuka hutoka majini, na aliyekiibua hakukiumba: kilikuwa chini muda wote. Magazeti yamelizoesha neno hili kwa hoja na mijadala, nalo linafaa hapa pia. Tuseme: mizoga ya ng'ombe huko Kajiado mwaka 2022 iliibua kumbukumbu za ukame wa 2009. Weka "ilikumbusha" na sentensi inapwaya, kwa kuwa msikilizaji atauliza, ilimkumbusha nani? Kwa mfugaji aliyepoteza kundi zima, hata kuibua ni neno jepesi. Ningesema mizoga ile ilimtonesha, kwani kidonda kilichoanza kufunga ndicho hutoneshwa.

Majina ya mahali huibua kumbukumbu kuliko kitu kingine. Jina Kitengela, kwa mzee aliyechunga huko kabla ranchi ya jamii haijagawanywa mwaka 1988, huibua tambarare isiyo na ua na nyumbu wakitoka Mbuga ya Nairobi kufuata malisho. Kijana aliyehamia juzi kupanga nyumba husikia jina hilohilo akaona foleni ya magari pale Athi River.

Wanafunzi wa fasihi wasichanganye haya na kisengerenyuma. Hiyo ni mbinu ya mwandishi kuirudisha hadithi yenyewe nyuma. Ili kuibua, hutosha jina moja tu, hadithi ikizidi kwenda mbele.