Picha za Kurudiliwa Kwetu Lubumbashi

Tukisikia mtu akisema "huyu anakopi tu", tunakumbuka ugomvi wa zamani. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua Hangar hapa Elisabethville, akakataa wanafunzi wake waige mabwana wa Ulaya. Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga walichora ya kwao, na ndege na samaki wa Pilipili hawana mwenzao.

Lakini bachoraji wa miaka ya 1970 hawakuona haya kuiga. Colonie belge ilirudiliwa mara nyingi juu ya nguo ya mifuko ya unga: bendera, muzungu amesimama, polisi anachapa mfungwa. Vilevile mamba-muntu. Mununuzi alitaka ile aliyoiona kwa jirani, basi akachorewa. Tshibumba Kanda Matulu alipita hapo: miaka 1973 na 1974 alimuchorea profesa Johannes Fabian historia nzima ya nchi, picha 101.

Kuiga kunataka kipimo. Ukiwa na foto ya santimita 10 kwa 15, na turubai ya 40 kwa 60, gawa foto kwa miraba ya santimita 1, turubai kwa miraba ya 4, uhamishe mistari mraba kwa mraba. Ukikosea, uso unavimba. (Sisi tulishavimbisha sura nyingi!)

Ila weka Colonie belge mbili kando kwa kando. Fimbo iko palepale. Pembeni, moja ina wanawake wanaoleta chakula, nyingine haina.