Tunduma Mji Wetu: Tuijue Nchi Tunayokaa

Wekeni kalamu chini kwanza. Leo ni siku ya kusikiliza, na kazi ya kuandika itakuja mwisho.

Somo letu la leo ni historia. Hatutasoma habari za wafalme wa nchi za mbali. Tutasoma habari za Tunduma na nchi inayouzunguka mji huo, nchi ambayo tangu mwaka 2016 ni Mkoa wa Songwe. Kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya.

Mama mmoja wa darasa la jioni, muuza maharage, aliulizwa na mwalimu wake, "Mama, akija mgeni kwenu utamwonyesha nini?" Akajibu, "Kwetu hakuna kitu, Mwalimu. Kwetu ni njia tu." Wenzake wakacheka, maana wengi walifikiri kama yeye. Na ni kweli kwamba Tunduma ni njia. Malori hupanga foleni usiku na mchana, na wabadili fedha huita watu, shilingi huku na kwacha kule. Lakini njia hiyo ilitoka wapi? Tumchukue mama huyu tutembee naye.

Tuanze mpakani. Upande huu ni Tunduma, upande ule ni Nakonde ya Zambia. Mgeni huona nyumba zimekaribiana, akashangaa nchi moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Wanyamwanga wako pande zote mbili. Wana lugha moja na koo zilezile, na wanaoana. Je, walivuka mpaka wakaingia nchi ya watu? La. Mpaka ndio uliowakuta.

Mambo yalikuwa hivi. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana huko Berlin namna ya kugawana nchi zetu. Waingereza walitaka njia iliyoitwa Barabara ya Stevenson, ya kutoka Ziwa Nyasa kwenda Ziwa Tanganyika, ibaki upande wao. Basi mstari ukachorwa kwenye karatasi: upande wa mashariki ukafuata mto Songwe, upande wa magharibi ukafuata mto Kalambo, na katikati ukapita nchi ya juu, ambayo ndiyo hii yetu. Mwaka 1898 wapimaji wakaja kuutafuta mstari huo juu ya ardhi na kuweka alama. Hakuna aliyemwuliza mwenye shamba. Watu wa ukoo mmoja wakawa wa serikali mbili.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walitawala pande zote mbili, lakini mpaka ulibaki. Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na Zambia tarehe 24 Oktoba 1964. Tarehe 5 Oktoba 2019 marais wa nchi mbili walifungua kituo cha pamoja cha forodha, ili msafiri akaguliwe mahali pamoja badala ya pawili. Lakini mtu anayevuka kwenda kumzika shangazi yake yeye haendi ugenini. Anakwenda kwao.

Sasa twende stesheni ya reli. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao wenyewe, na Zambia, isiyo na bahari, ikakosa njia ya mafuta. Tanzania ikafungua mlango. Malori yakabeba mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya udongo iliyopita hapa kwetu. Wakati wa mvua barabara hiyo ilikuwa tope na utelezi. Madereva wengi walikufa, hata ikaitwa njia ya mauti. Mwaka 1968 bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola lilikamilika. Baadaye barabara nayo ikatiwa lami.

Viongozi wetu walitaka reli pia. Wakubwa wa fedha wa nchi za Magharibi wakasema reli hiyo haina faida. China ikakubali, mkataba ukatiwa sahihi mwaka 1967, na kazi ikaanza mwaka 1970. Watanzania, Wazambia na Wachina kwa maelfu walipasua milima, wakajenga madaraja, wakalaza mataruma na vyuma. Mwaka 1973 reli ilifika Tunduma. Mwaka 1976 reli yote, kilometa 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa kwa nchi mbili.

Sasa fanyeni hesabu. Kijana aliyekuwa na miaka 20 reli ilipofika hapa, leo amepita miaka 70. Labda yuko mtaani kwenu. Nani amemwuliza siku ile ilikuwaje? Nitarudi kwenye jambo hili.

Tutoke mjini. Lakini tutoke majira gani? Nchi yetu ina mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Ukitoka mwezi wa tisa au wa kumi, kabla ya mvua, utaona ajabu porini: miyombo huchipua majani mekundu kama moto, na mvua bado haijanyesha. Mvua ikianza, uyoga huchomoza na kina mama huingia porini na vikapu. Kahawa ya Mbozi hutoa maua meupe, na harufu yake hufika hadi barabarani. Mwezi wa Juni na wa Julai baridi huuma, watu huota moto asubuhi, na ndipo kahawa nyekundu huchumwa na mahindi huletwa nyumbani. Mambo haya tunayaona kila mwaka, na kwa kuyazoea tumeacha kuyatazama.

Basi tufuate barabara kuu kwenda Mbozi, kisha tuiache tuingie kijiji cha Ndolezi, karibu na kilima cha Marengi. Hapo kuna kimondo, jiwe la chuma lililoanguka kutoka angani. Urefu wake ni mita 3 hivi, na uzito wake hukadiriwa kuwa kati ya tani 12 na 16. Sehemu yake kubwa ni chuma kitupu. Kilianguka zamani sana, hata shimo kililochimba lilifutika, na hakuna hadithi ya mtu aliyekiona kikianguka. Vitabu husema kiligunduliwa mwaka 1930 na mpimaji wa ardhi aliyeitwa Nott. Hapo wanafunzi wangu hucheka, na mimi hucheka nao. Wenyeji walikuwa wakikiona miaka yote. Huyo mpimaji aliandika tu, na aliyeandika ndiye aliyekumbukwa.

Katika nchi hiyohiyo ya Mbozi, Wanyiha walikuwa mafundi hodari wa kuyeyusha chuma. Walichimba mawe yenye chuma ardhini, wakayachoma kwa makaa katika matanuri ya udongo, wakafua majembe. Kazi hiyo ilitaka ujuzi mkubwa: mti gani utoe makaa, udongo gani usipasuke, moto uwake muda gani. Majembe ya dukani yalipokuja, matanuri yakazimika. Wazee wakafa, na ujuzi mwingi ukazikwa pamoja nao. Jiwe lililotoka angani bado liko, ila fundi wa kutufundisha kuyeyusha chuma hayuko.

Mwisho tuteremke kaskazini hadi Ivuna, katika bonde la Ziwa Rukwa, kwenye joto. Hapo kuna chemchemi za maji ya chumvi. Wataalamu waliochimba mahali hapo miaka ya 1960 walikuta kwamba watu walipika chumvi hapo tangu karne nyingi zilizopita. Chumvi ni mali. Haikosi mnunuzi, na mnunuzi hatoki kijiji kimoja. Mnaona? Watu walikuwa wakija katika nchi hii kutafuta bidhaa kabla Berlin haijachora mstari wowote, na kabla lori la kwanza halijapita Tunduma.

Basi mama yetu wa maharage alisema kweli nusu. Kwetu ni njia, lakini njia hii wamepita wapika chumvi, wafua majembe, madereva wa mapipa na wajenzi wa reli. Yeye mwenyewe, akiuza maharage kwa watu wa nchi mbili, anaendeleza kazi ya kale.

Sasa narudi kwenye jambo nililoliacha. Kimondo kilihesabiwa kuwa kimegunduliwa na yule aliyejua kuandika. Wafua chuma walijua mengi, lakini hawakuandika. Ninyi mnajifunza kuandika. Mmekwisha kuandika majina yenu na barua za nyumbani. Mzee aliyeona reli ikifika bado yu hai leo, na kesho hatujui. Nendeni kwake jioni mkae naye. Mwacheni aseme, kisha andikeni, hata kama ni mistari mitano, hata kama herufi zimepinda. Mistari hiyo ni historia ya Tunduma, na hakuna mgeni atakayekuja kuiandika kwa niaba yenu.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka?

2. Kwa nini Zambia ilihitaji njia ya kupitia Tunduma baada ya mwaka 1965?

3. Ni majira gani ya mwaka yanayopendeza zaidi kwenu, na kwa nini?

4. Taja mzee mmoja wa mtaa wako. Ungependa kumwuliza nini kabla ya somo lijalo?

Kwaherini, ndugu wasikilizaji. Tutaonana wiki ijayo, na kila mmoja aje na mistari yake mitano.